Airisi ya Matanga

Siku tuliyomzika mume wangu Ambakisye tulipewa kitunguu cha kupanda cha ua la airisi fupi, ile inayowahi kuchanua, kama inavyopewa kila nyumba yenye msiba. Ua likifunguka, matanga yamekwisha, na gari la kata linakuja kuchukua nguo na picha zote za marehemu.

Airisi haichanui bila baridi. Kwa hiyo kila jioni nilikibeba chungu chake hadi jikoni, nikakiweka karibu na makaa ya moto.

Leo asubuhi nimekuta ua limefunguka.

“Ukishalala nilikuwa nakitoa nje,” mama mkwe alisema bila kunitazama. “Nimechoka kulia, mwanangu.”

Nilileta mashati tuyakunje kabla gari halijafika. Moja halikuwepo. Sikuuliza, maana kola yake nilikuwa naiona shingoni mwa mama, chini ya kanga.