Ndala Chini ya Meza

Nilifumbua macho katikati ya sala, nikauona mguu wa shangazi chini ya meza ukijisokomeza kwenye ndala za mama.

Huko juu sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Ee Mungu, umemchukua wifi yangu kipenzi!"

Kipenzi! Mama alipougua, shangazi hakutia mguu humu ndani, eti harufu ya dawa inamtia kichefuchefu.

Tulikuwa tumemzika jana tu. Kwenye ndala bado kulikuwa na shimo dogo lililochongwa na kidole gumba chake, jeusi, linang'aa kwa jasho la miaka. Kidole cha shangazi, rangi nyekundu imebanduka nusu ya ukucha, kililipapasa shimo lile, kikaingia, kikatulia humo kama kimefika kwao. Kisha akashusha kisigino chake chenye magaga, akakanyagakanyaga kujaribu.

Sasa kichefuchefu kilinishika mimi.

"Na sisi tuliobaki," aliendelea, machozi yakimtiririka, "utupe moyo wa kuridhika na..."

"Amina!" nilisema kwa nguvu.

Wote wakafumbua macho. Nikainama chini ya meza, nikamshika kifundo cha mguu.

"Shangazi, inua mguu."