Tovuti Thelathini na Moja za Bi Nunu

Sheria ya mji ilikuwa moja: ukitimiza miaka sabini, unachagua sura moja ya tovuti yako, ndiyo itakayozungumza na wanao ukishazikwa. Na kila sura ina akili za siku ilipotengenezwa, yaliyotokea baadaye haiyajui.

Kwa miaka arobaini Bi Nunu, ambaye sasa ametimiza sabini, alikuwa ameipamba yake upya mara thelathini na moja. Ipo ya maua ya asumini. Ipo nyeusi tii, ya siku aliyogombana na wifi yake Salha, nayo inamtukana hadi leo.

“Chagua hiyo,” alisema Salha, “nipate wa kujibizana naye.”

Binti wa Bi Nunu, Mwanaidi, aliitaka ya mwisho, yenye busara.

“Hiyo inalalamikia magoti tu,” alisema Bi Nunu, akabonyeza ya ishirini, yenye rangi ya embe bivu.

Sura ikacheka kwenye kioo cha kompyuta. “Mwanaidi, mwite baba’ko, chai inapoa.”

Baba yake alikuwa kaburini mwaka wa tisa.

“Mama, nimwambie?”

“Ukimwambia nakufinya,” alisema Bi Nunu, akasogeza kiti karibu na kioo. “Mwache amngoje mumewe. Mimi nimechoka kujua.”