Chungu cha Fisi

Bi Salha alipobisha hodi, Mwanakombo alisukuma kwanza sufuria ya pilau chini ya kitanda, ndipo akaitika, “Karibu, jirani.”

“Nimemletea mtoto kaimati,” alisema Bi Salha akikaa.

Mize, binti mdogo wa Mwanakombo, alikuja mbio na kitabu anachokipenda kuliko vyote, akakaa mapajani mwa mgeni. Akafunua picha ya fisi anayeficha chungu huku sungura akiwa mlangoni.

“Mama naye anaficha hivihivi,” alisema, akacheka.

Mwanakombo aliinamisha uso, asijue mikono aiweke wapi.

Bi Salha aliweka kidole kwenye ukurasa. “Haya mjukuu wangu, funua mbele tuone sungura alikula nini.”

Mtoto alifunua. Mvuke wenye harufu ya iliki ulikuwa ukipanda taratibu pembeni mwa shuka la kitanda.