Mkono wa Pili wa Gia

Fundi Kiangi alitoka chini ya pikapu, akajifuta grisi. "Giaboksi tuliyoitoa kwenye gari la baba yako imekaa vizuri humu, dada. Ila gari lake lilikuwa linavuta kwa matairi yote manne, na hili lako linavuta kwa ya nyuma tu. Huu mkono wa pili wa gia ni wa kuita matairi ya mbele, na hapa hayajaungwa. Hauna kazi. Niukate?"

"Kata," Nakijwa alisema.

Fundi aliporudi na msumeno, baba yake Nakijwa alikuwa ameshapanda kiti cha abiria. Mtoto wa jicho alikuwa amemtoa kwenye usukani, gari lake likabaki nyuma ya nyumba likiota majani. Vidole vyake vilipapasa, vikaukuta ule mkono wa gia, vikatulia.

Nakijwa akamtikisia fundi kichwa asiukate.

Kwenye mlima wa kwenda nyumbani, tope liliwashika. Matairi yakazunguka palepale.

"Punguza mafuta, mwanangu," mzee alisema, akauvuta ule mkono. "Haya, nimekuwekea ya mbele. Nenda nalo taratibu."

Nakijwa akapunguza. Matairi ya nyuma yakashika udongo, gari likapanda.

"Umeona?"

"Nimeona, baba. Usiuachie."

Huko juu barabara ilikuwa kavu. Nakijwa aliipita nyumba yao bila kupunguza mwendo, akaufuata mlima mwingine wenye tope.