Miguu ya Mpiga Mbiu

Saumu alikuwa amekwisha kuchora karatasi mia tatu za filamu yake ya katuni, na katika zote mzimu wa Mzee Shee, mpiga mbiu wa zamani wa mji, ulielea hewani kama shuka iliyoanikwa. Asubuhi ile alimwonyesha Bi Nunu, binti wa marehemu, ili apate ruhusa yake.

Bi Nunu alitazama hadi mwisho. "Na miguu ya baba iko wapi?"

"Mizimu haina miguu, bibi," alisema Saumu. Hakusema kwamba miguu ndiyo iliyomsumbua kuichora kuliko kitu kingine chochote.

"Basi huo ni mzimu wa mtu mwingine. Baba yangu mji mzima ulimjua kwa mlio wa mitawanda yake, hata kabla hajapiga mbiu."

Akafungua kikapu, akatoa viatu viwili vya mti vilivyolika visigino, akavivaa. Akaanza kuzunguka chumba. Ko, ko, ko, kisha akaruka kidogo. "Hapa baba alikuwa akiruka mtaro," alieleza huku akicheka, akaruka tena.

Saumu alizisukuma kando zile karatasi mia tatu, akavuta nyeupe. Alichora kidole, kisigino, mruko.

"Tembea tena, bibi!"

Bi Nunu akatembea, sasa kwa kishindo. Ng'ambo ya mtaa dirisha likafunguka, kisha mlango, kisha mwingine. Mzee mmoja akatoka hadi katikati ya njia, kiganja sikioni.

"Haya," aliita, "tunasikiliza!"