Jino la Mpiga Tarumbeta

Kwa mara ya tano Daktari Mwanahawa alikaza waya, na kisiki cha jino la mbele la Mzee Zabron kikashuka kadiri ya unywele mmoja. Kilikuwa kikivutwa hivyo, taratibu, ili hatimaye king'olewe.

"Sasa binti yangu, si ungeling'oa tu siku ile ya kwanza?"

"Mzizi ukishuka, mzee, unashuka na mfupa wake. Mfupa ukijaa ndipo tunang'oa, tunatia skrubu kwenye taya, na juu yake jino jipya. Tukiwahi, skrubu haitapata pa kushika."

Zabron akafungua tena kinywa. Alikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza wa usharika wao kule Lukozi. Alfajiri ya Pasaka aliteleza kwenye tope, tarumbeta ikiwa mdomoni, jino likavunjika, na tangu hapo pumzi yote ilikuwa ikimtoroka penye pengo. Hofu yake ilikuwa moja tu: kufa bila kuwapigia watu wake tena.

Kilichomfariji ni wenzake wa bendi. Kliniki za binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zimeruhusiwa, nao wakamshusha mpaka Tanga, wakazungumza na daktari wenyewe, wakamchagulia tiba. Kisha wakalima shamba zima la kabichi kwa ajili ya jino moja. Mika, mpigaji wa pili, alimsindikiza kila safari.

"Usiwe na papara, baba," alimwambia kila alipolalamika. "Mfupa hauharakishwi."

Huko nyumbani nako watu walikuwa wakijaa kanisani hadi Mchungaji akaongeza mabenchi. Zabron hakushangaa. Alijua wanakuja kumwombea.

Mwaka na nusu ukaisha. Skrubu ikashika, jino likakaa juu yake. Zabron hakungoja kufika Lukozi. Alitoa tarumbeta kwenye mfuko, akapuliza palepale kwenye kiti cha daktari. Sauti ikatoka, kubwa kama zamani. Mzee wa watu akalia kwa furaha.

"Wenzangu wananipenda, binti yangu. Mwaka na nusu wamenivumilia!"

"Wanakupenda kweli, mzee," alisema daktari akipangusa vyombo vyake. "Siku ya kwanza niliwaambia jino la kuvaa na kuvua lingekuwa tayari Ijumaa, na Jumapili ungepiga. Wakatazamana. Kisha wakaniuliza tiba ndefu kuliko zote ni ipi."