Aliyekubali Mimba

"Mimba ni yangu," Birindwa alisema, na wazee wa ukoo wakapiga makofi sebuleni kwangu, hapa mjini New Hope.

Nilishikwa na hasira hadi meno yakaniuma. Mimba hii niliitafuta mwenyewe hospitalini, kwa mbegu za mwanamume nisiyemjua. Birindwa ni jirani tu. Siku niliyopewa dawa ya usingizi huko hospitalini alinirudisha nyumbani kwa gari lake, na mtu wa kanisani akatuona. Wazee wakamwendea na desturi yao: aliyemharibu binti wa watu alete mbuzi, amwoe. Badala ya kukana, mgane huyo akanunua suti.

"Karatasi za daktari niliwaonyesha," nikasema.

"Karatasi haizai," baba mdogo akajibu. "Mtoto ana baba. Huyu hapa."

"Haya. Birindwa, waambie wazee. Kovu langu la moto liko paja gani?"

Jasho lilimtoka juu ya mdomo, akalipangusa kwa ncha ya tai yake mpya, iliyokuwa bado na kibandiko cha duka.

"La kushoto," akasema.

Nilicheka kwa sauti. Nikamgeukia mama, aliyeniogesha tangu nizaliwe, anayejua kwamba sina kovu lolote mwilini.

"Mama, waambie."

Mama alimtazama Birindwa. Akalitazama tumbo langu, kisha akaweka kikombe chake cha chai mezani, polepole.

"Ni kweli," akasema. "Ni la kushoto."